Mama wa marumaru: juu ya maisha ya Dora Jordan, mchezaji wa teatri

Katika Buckingham Palace, nyumba ya wafalme wa Uingereza mjini London, kuna sanamu ya marumaru nyeupe. Inaonyesha mwanamke ameketi. Amepakata mtoto mchanga, na mtoto mwingine yuko karibu na magoti yake. Mtu asiyeambiwa kitu angesema mara moja: Huyu ni Bikira Maria pamoja na Yezu na Yoane Mbatizaji mdogo, ama ni mfano wa Mapendo, namna wachongaji wa Ulaya walivyozoea kuuchonga. Lakini akitazama chini, kwenye miguu ya yule mama, ataona kinyago cha komedia na filimbi za mwanzi. Hivyo ni vyombo vya wachezaji wa teatri. Mama huyu si Bikira Maria. Ni Dora Jordan, mchezaji wa komedia, aliyekaa miaka ishirini na mwana wa mfalme bila ndoa, akamzalia watoto 10, kisha akaachwa.

Maisha ya mwanamke huyu yamesimuliwa mara nyingi. Sisi tutachagua masimulizi matatu tu. La kwanza ni kitabu cha James Boaden kilichochapwa mwaka 1831. La pili ni ile sanamu yenyewe, iliyoagizwa katika mwaka uleule wa 1831, ikamalizika mwaka 1834. Maana sanamu nayo ni namna ya kusimulia. La tatu ni kitabu cha Claire Tomalin, mwandikaji Mwingereza, kilichotoka mwaka 1994. Kila moja tutaliuliza maneno mawili: Lasema kweli gani? Laficha nini? Sisi wafratri, mapadri na makatekista, kila juma tunasimulia maisha ya watu: ya watakatifu katika mahubiri, ya marehemu kwenye maziko, ya wazazi wa mtoto anayeletwa kubatizwa. Basi shauri hili si la Waingereza peke yao.

1. Maisha yenyewe

Dora alizaliwa mwaka 1761, na jina lake la kwanza ni Dorothea Bland. Mama yake, Grace Phillips, alikuwa mchezaji wa teatri, mtoto wa mchungaji wa Wales. Baba yake, Francis Bland, alikuwa Mwirlandi wa jamaa ya heshima. Kati yao hapakuwa na ndoa halali. Dora alipokuwa bado msichana mdogo, baba akawaacha, akaoa mwanamke mwenye mali. Tangu siku ile chakula cha nyumba kilitoka katika kazi ya wanawake. Tulishike neno hili, maana litarudi.

Dora akaanza kucheza mjini Dublin. Mkubwa wa teatri ya Smock Alley, Richard Daly, mtu mwenye mke, akamtia mimba. Mwaka 1782 msichana akakimbia pamoja na mama yake, akavuka bahari mpaka Leeds, katika nchi ya Uingereza. Pale akamkuta Tate Wilkinson, mkubwa wa kundi la wachezaji. Wilkinson akamwuliza anajua kucheza nini: trajedia, komedia ama opera? Akajibu kwamba anajua zote. Wilkinson akampa kazi, tena akampa jina jipya. Kwa mzaha akasema: kwa kuwa amevuka maji, basi aitwe Jordan. Wasomaji wetu wanaojua kitabu cha Yozue hawana haja ya kuelezwa mzaha huo. Lakini Waisraeli walivuka Yordani kwa kuingia katika nchi ya ahadi. Msichana huyu alivuka akiwa na mimba, na mbele yake hapakuwa na ahadi yoyote ila ahadi za watu.

Mwezi wa Oktoba mwaka 1785 akafika London, akacheza mara ya kwanza katika teatri kubwa ya Drury Lane. Mchezo ulikuwa wa msichana wa shamba aliyeletwa mjini na kuwashinda werevu wote wa mji. Toka usiku ule mji ulimpenda. Wakati ule malkia wa trajedia alikuwa Sarah Siddons, ambaye watu walikwenda kumtazama ili walie. Kwa Dora walikwenda ili wacheke. Waandikaji wakubwa wa Kiingereza, kama Hazlitt, Leigh Hunt na Charles Lamb, waliandika juu ya sauti yake na kicheko chake. Alicheza Viola na Rosalind wa Shakespeare, wasichana wanaovaa nguo za wanaume. Sisi tuliocheza michezo katika seminari ndogo tunajua kazi ile kwa upande wa pili: kwetu wavulana walishika mahali pa wanawake, na nusu ya kicheko cha watu ilitoka pale. Tunajua pia kwamba kuchekesha ni kazi ngumu kuliko kuliza. Mtu akikosea katika trajedia, watu husinzia. Akikosea katika komedia, ananyamaziwa na nyumba nzima, na hapana adhabu kali kuliko ile.

Mjini London Dora akakaa na Richard Ford, mwanasheria, aliyemwahidi ndoa. Akazaa naye watoto, ndoa haikuja. Mwaka 1791 akamwacha Ford, akaenda kwa William, Duki wa Clarence, mwana wa tatu wa mfalme George III.

2. Sheria ya mwaka 1772

Hapa msomaji atauliza: Kwa nini Duki hakumwoa? Jibu la kwanza liko katika sheria. Mwaka 1772 bunge la Uingereza lilikata kwamba mtu wa ukoo wa mfalme hawezi kuoa bila ruhusa ya mfalme. Akioa bila ruhusa, ndoa yake ni kama haipo. Mfalme George asingeweza kabisa kumpa mwanawe ruhusa ya kuoa mchezaji wa teatri, mama wa watoto wa wanaume wengine wawili.

Lakini sheria ile haielezi yote. Tutazame nyumba ileile ya mfalme. Mwaka 1785 kaka mkubwa wa William, ndiye atakayekuwa George IV, alimwoa kwa siri Maria Fitzherbert, mjane Mkatoliki. Kwa sheria ya nchi ndoa ile ilikuwa bure. Mwaka 1795 George akaoa mwanamke mwingine, binti wa ukoo wa wafalme. Baadaye akataka Maria amrudie. Maria alipeleka shauri lake Roma, na mwaka 1800 Roma ikajibu kwamba yeye ndiye mke wake wa kweli mbele ya Eklezia. Wanafunzi wa teolojia watakumbuka kwa nini: agizo la Tametsi la Mtaguso wa Trento lilikuwa halijatangazwa katika Uingereza, hivi mapatano ya wawili yalitosha, hata mbele ya mchungaji wa Kianglikana.

Basi, mwanamke mmoja alidai kiapo kabla ya kuingia nyumbani. Mwingine hakudai, ama hakuweza kudai. Maria alikuwa mjane mwenye mali na jamaa yenye kumlinda. Dora alikuwa na mama, ndugu na watoto waliokula kwa mshahara wake. Tusilipime kosa lake bila kupima hilo. Lakini pia tusiseme kwamba sheria ilimfunga William mikono kabisa. Kaka yake alionyesha kwamba mwana wa mfalme aweza kutoa kiapo mbele ya Mungu, ijapokuwa serikali haikisikii. William hakukitoa.

Tangu mwaka 1797 walikaa Bushy, nyumba kubwa karibu na London. Kati ya mwaka 1794 na 1807 walizaliwa watoto 10, wavulana watano na wasichana watano. Waliitwa FitzClarence; neno fitz maana yake ni mwana wa. Wote wanaoandika juu ya nyumba ile wanakubali kwamba ilikuwa nyumba ya furaha, na kwamba William aliwapenda watoto wake. Lakini madeni ya Duki hayakuisha, wala kazi ya Dora haikuisha. Alizaa, akanyonyesha, akapanda gari la farasi kwenda kucheza mijini, akarudi, akabeba mimba nyingine. Mwaka 1797 mchoraji Gillray alitoa picha ya kuwacheka: Duki anavuta kigari cha watoto huku jasho linamtoka, na Dora anatembea nyuma akisoma maneno ya mchezo wake. Picha ile ilitaka kumwaibisha mwanamume anayevuta watoto. Sisi tunaona jambo jingine ndani yake: katika matembezi ya jamaa, mtu mmoja tu alikuwa kazini, naye ni yule mama.

3. Barua ya mwaka 1811

Mwezi wa Oktoba mwaka 1811 Dora alikuwa anacheza mjini Cheltenham. Barua ya Duki ikamfikia pale: anataka waachane. Alikwenda jukwaani jioni ile, maana watu walikuwa wamelipa. Masimulizi ya teatri yanasema kwamba mahali pa kucheka akashindwa, akaanza kulia, na mwenzake wa jukwaani akageuza maneno ya mchezo ili watu wadhani kilio kimo ndani ya komedia.

Sababu haikuwa ugomvi wa nyumbani. Duki alikuwa na miaka 46 na madeni mengi. Alitaka mke mwenye mali, tena mke anayeweza kumpa mrithi halali. Watu wake wakafanya mapatano na Dora juu ya fedha. Apewe pauni 4,400 kila mwaka: 1,500 zake mwenyewe, 1,500 za kuwalea wasichana wadogo, 600 za nyumba na gari, na 800 za binti zake wakubwa, wale wa kwanza. Lakini palikuwa na sharti: akirudi jukwaani, wasichana wa Duki watatoka mikononi mwake, na fedha yao pia.

Wapenzi wasomaji, tulisome sharti hili polepole. Miaka ishirini Duki alikula pamoja na mchezaji wa teatri, na pesa ya teatri iliingia nyumbani mwake. Siku ya kuachana, teatri ikawa uchafu usioweza kukaa karibu na watoto wake.

Dora akarudi jukwaani. Baadhi ya binti zake wakubwa walikuwa wameolewa na wanaume wenye madeni, naye hakujua kumfungia mlango mtoto wake. Wasichana wakaondolewa. Mwaka 1815 mkwe mmoja, ambaye alikuwa amemwamini na kumpa hati zenye saini bila hesabu kuandikwa, akamtwika deni kubwa. Dora aliogopa kufungwa kwa ajili ya deni, akakimbilia Ufaransa. Akavuka maji tena. Tarehe 5 Julai 1816 akafa katika Saint-Cloud, karibu na Paris. Katika watoto wake wote, hata mmoja hakuwa karibu.

William alioa mwaka 1818 Adelaide wa Saxe-Meiningen, mwanamke mwema. Binti wawili waliozaliwa kwao walikufa wadogo sana. Mwaka 1830 akawa mfalme William IV. Alipokufa mwaka 1837, watoto wake wa Bushy hawakuweza kurithi kiti. Kikamwangukia binti wa ndugu yake, Victoria.

4. Kitabu cha mwaka 1831

Boaden alikuwa mtu wa teatri. Mwenyewe alitunga michezo, tena alikuwa amekwisha kuandika maisha ya Kemble na ya Sarah Siddons. Kwa hiyo kitabu chake kinajua jukwaa. Anajua nani alicheza na nani, usiku gani, na mchezo gani ulianguka. Anayetaka kujua kazi ya Dora lazima apitie kwake. Tena ametuhifadhia barua ambazo Dora aliandika juu ya kuachwa kwake. Katika barua hizo hamtukani Duki. Anamtetea, anasema kwamba ukosefu wa fedha ndio uliomsukuma.

Hapa ndipo tunapaswa kuwa macho. Kitabu kilitoka wakati William yuko katika kiti cha ufalme. Barua za mwanamke anayemtetea aliyemwacha ni ushuhuda mkubwa wa moyo wa mwanamke yule. Si ushuhuda wa haki ya mwanamume. Msomaji wa haraka huchanganya mambo hayo mawili. Anasema: Ikiwa yeye mwenyewe hakumlaumu, sisi ni nani tumlaumu? Sisi tunajibu: Mtu aweza kusamehe deni lake, lakini msamaha wake ni shahidi kwamba deni lilikuwako. Kila padri aliyepatanisha watu wa nyumba anajua hilo. Mwenye kuumizwa mara nyingi ndiye wa kwanza kumtafutia mwenzake sababu. Tusifanye upole wake kuwa pazia.

5. Sanamu ya mwaka 1834

Mwaka 1831, akiwa mfalme, William alimwita Francis Chantrey, mchongaji mkubwa wa Uingereza wakati ule, akamwagiza sanamu ya Dora. Alitaka iwekwe katika kanisa la Westminster, karibu na makaburi ya malkia. Tuseme kwanza mema ya kazi hii, maana yapo, si madogo.

Kwanza, mfalme hakuona haya. Wafalme wengi wamekuwa na wanawake wa siri, wakawasahau. Huyu, baada ya miaka 15, alisema mbele ya nchi nzima: mwanamke huyu alikuwa mama wa watoto wangu. Pili, Chantrey hakumchonga kama mwanamke wa kuvutia macho. Picha nyingi za wachezaji wa wakati ule zilitafuta macho ya wanaume. Hapa kuna uzito wa mama, na mikono inayojua kushika mtoto. Tatu, mchongaji hakukificha kinyago. Angeweza kukiacha, amekiweka.

Lakini amekiweka chini. Katika lugha ya wachongaji, kitu kilichowekwa chini ya miguu ni kitu kilichoachwa, ama kilichoshindwa. Sanamu inataka kusema: hapo kwanza alikuwa mchezaji, kisha akawa mama, akaiweka ile kazi chini. Hiyo si kweli. Hakuiweka chini. Mwaka 1799, katika mchezo wa Sheridan unaoitwa Pizarro, alicheza Cora, mama wa Peru mwenye mtoto mchanga, huku nyumbani kwake Bushy kukiwa na watoto wadogo. Mama na mchezaji walikuwa mtu mmoja, na maziwa ya watoto yalinunuliwa kwa kicheko cha jukwaani. Mwenye kuvitenga viwili hivyo anapendeza macho, lakini amevunja kweli ya maisha yake.

Kosa la pili ni kubwa zaidi. Sanamu inaonyesha mama pamoja na watoto wake. Ndiyo hali ambayo mwenye kuagiza sanamu aliivunja. Ni yeye aliyeweka lile sharti. Ni kwa neno lake wasichana waliondolewa, na mama akafa bila mtoto katika nchi ya kigeni. Sasa jiwe linawarudisha watoto magotini kana kwamba hawakuondoka hata siku moja. Mtu akiivunja nyumba, kisha akachora picha nzuri ya nyumba ile nzima na kuitundika ukutani, amefanya nini? Labda amelia kweli. Sisi hatusomi mioyo. Lakini picha ile haisemi nani alivunja.

Kosa la tatu: katika jiwe lote baba hayuko. Tunaona mama na watoto, na mtazamaji anasifu mapendo ya mama. Hakuna mahali pa kuuliza baba yuko wapi. Daly hayupo, Ford hayupo, William hayupo. Sanamu ya namna hiyo ni raha kwa wanaume, maana wanaweza kuiheshimu bila kuulizwa kitu.

Historia ya sanamu baada ya kumalizika inatufundisha nayo. Mkubwa wa Westminster alikataa kuipokea. Je, ni kwa sababu ya teatri? Hapana, maana Garrick, mchezaji mkubwa, alizikwa mlemle mwaka 1779, na baadaye Sarah Siddons aliwekewa sanamu humo. Sababu ilikuwa yale maisha yasiyo na ndoa. Tunaweza kuifahamu sababu hiyo. Kanisa si mahali pa kuheshimu kila mtu ambaye mfalme anampenda. Hata hivyo tunauliza: Katika Westminster kuna makaburi ya wafalme waliokuwa na wanawake wa kando kuwahesabu ni kazi. Charles II, aliyempenda Nell Gwyn, mchezaji mwingine wa Drury Lane, amezikwa humo. Mlango uliofungwa kwa mwanamke haukufungwa kwa wanaume. Wanaoshika funguo za kanisa, hata kanisa la kijiji, wafikiri juu ya jambo hili.

Sanamu ikapelekwa Mapledurham, kijiji ambako Augustus, mmoja wa watoto wale 10, alikuwa pasta wa Waanglikana. Baadaye ikakaa na jamaa ya Munster, uzao wa mtoto wa kwanza. Mwisho, katika miaka ya 1970, ikaachiwa malkia Elizabeth II kwa urithi, ikaingia Buckingham Palace. Hivi Dora aliingia nyumba ya mfalme akiwa jiwe.

6. Kitabu cha mwaka 1994

Claire Tomalin amekipa kitabu chake jina la Mrs Jordan's Profession, maana yake kazi ya Bibi Jordan. Jina hilo limechaguliwa kwa akili. Bernard Shaw alikuwa na mchezo wenye jina la kufanana, na kazi iliyotajwa ndani yake ni umalaya. Watu wengi wa London walidhani kwamba kazi ya mchezaji na kazi ile ni kitu kimoja. Tomalin anachukua jina la dharau na kulisafisha: kazi ya Dora ilikuwa teatri, na aliifanya kwa bidii zaidi ya miaka thelathini. Sisi tunaosoma Kifaransa tunajua pia kwamba profession ni neno la nadhiri za watawa. Hatuwezi kusema kwamba mwandikaji aliwaza hayo. Lakini si vibaya kukumbuka kwamba mtu aweza kuwa mwaminifu kwa kazi yake, huku katika mambo mengine hakupewa uaminifu na mtu yeyote.

Uzuri wa kitabu hiki ni kwamba kinahesabu. Kinahesabu mimba, safari, usiku wa kucheza, mshahara, deni. Katika hesabu hizo Dora anasimama kama mtu mzima: si malaya wa wachoraji wa kuchekesha, wala si mama mtakatifu wa Chantrey. Kinaonyesha pia watoto ambao sanamu haiwajui, wale binti wa Daly na wa Ford. Waliishi pembeni na dada ya Dora, baadhi yao wakaolewa vibaya, na mama yao alimaliza maisha yake akilipa madeni ya waume zao. Yeyote anayetaka kuelewa kwa nini alirudi jukwaani aanze na hao.

Lakini tunacho kitu cha kukiuliza kitabu hiki nacho. Tomalin ana hasira ya haki juu ya sheria, juu ya fedha na juu ya unafiki wa wakubwa. Juu ya ahadi yenyewe hasemi sana. Kwake ndoa ni zaidi neno la sheria: ingekuwako, Dora angelindwa. Hiyo ni kweli, lakini ni nusu. Ahadi si ulinzi wa fedha tu. Mapatano ya mwaka 1811 yaliandikwa vizuri sana, na pauni zake zilihesabiwa; hayakuwa na neno hata moja juu ya miaka ishirini. Kitu alichokosa Dora tangu baba yake alipoondoka ni mtu mmoja wa kumwambia: Sitakuacha, na kusema hivyo mbele ya mashahidi. Bunge halikuweza kumpa kitu hicho, wala pesa za teatri. Ni mwanamume aliyepaswa kukitoa.

7. Neno la mwisho

Tukiweka masimulizi haya matatu pamoja, tunaona kila moja limempenda Dora kwa namna yake. Boaden alipenda mchezaji, mfalme alipenda mama, Tomalin alipenda mfanyakazi. Kwa maoni yetu kitabu cha mwaka 1994 ndicho cha kweli kuliko vingine, kwa sababu ndicho pekee kinachotaja nani alilipa na nani hakulipa. Sanamu ni nzuri kuliko vyote kwa macho. Tena ndiyo inayoweza kutudanganya zaidi, hasa sisi tuliozoea kupiga magoti mbele ya mama mwenye mtoto.

Wazee wanasema: dawa ya deni kulipa. Zakayo wa Injili, alipotaka kurudisha, alirudisha mara nne, tena aliwarudishia watu waliokuwa hai. Hakuagiza sanamu zao. Mfalme William aliwatunza watoto wake, na mkubwa wao akampa cheo mwaka 1831. Haki itendeke, tuliseme hilo. Lakini kwa yule mama alichelewa miaka 15, na marumaru haili mkate, wala haisomi barua.

Basi, ndugu, siku mtakapoitwa kusema juu ya mwanamke aliyekufa, ambaye alizaa bila ndoa na kulea kwa kazi ya mikono yake, msiharakishe kumtupia jiwe. Hayo mmekwisha kufundishwa. Lakini msiharakishe pia kumchongea jiwe. Ulizeni kwanza alifanya kazi gani, nani alikula kwa kazi ile, na mwanamume gani hayuko katika picha. Na ikiwa mwanamume yule bado yu hai, tena anakaa katika viti vya mbele vya kanisa, nendeni kwake kabla ya maziko ya mwingine.